Hati Moja, Majina Manne: Njia za Kisheria za Kugawa au Kuuza Ardhi Mnayomiliki Pamoja Nchini Kenya

Kabla hamjamwita mpima ardhi au dalali, fanyeni upekuzi rasmi wa hati katika ofisi ya usajili wa ardhi, au kwenye Ardhisasa, mfumo wa serikali wa huduma za ardhi mtandaoni, kwa maeneo ambayo tayari yameingizwa humo. Msiangalie majina pekee. Angalieni pia wenye majina hayo wanamiliki kwa namna gani, maana hilo ndilo linaloamua nani anaweza kuuza nini.

Kifungu cha 91 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinatambua namna mbili. Ya kwanza ni umiliki wa pamoja: wote wanamiliki ardhi nzima na hakuna mwenye fungu lake. Ya pili ni umiliki wa hisa: kila mmoja ana fungu linalojulikana, tuseme nusu au robo, ingawa ardhi yenyewe haijakatwa. Tofauti hii huonekana zaidi mmoja anapofariki. Katika umiliki wa pamoja, ardhi hubaki kwa aliye hai. Hupeleka cheti cha kifo kwa msajili na jina la marehemu hufutwa, hata kama marehemu aliacha wasia kwamba nusu yake apewe mtoto. Katika umiliki wa hisa, fungu la marehemu huingia kwenye mirathi yake.

Hati ya uhamisho isipotaja namna yoyote, sheria huchukulia kwamba mna hisa sawasawa. Tena, tangu sheria hii ianze kutumika, umiliki mpya wa pamoja huruhusiwa kati ya mume na mke tu, isipokuwa mahakama imetoa idhini. Ndugu walioandikishwa hivyo bila idhini hiyo huhesabiwa kuwa wenye hisa.

Familia nyingi hukwama hata kabla ya hapo, kwa kuwa hati bado ina jina la baba au babu aliyefariki. Watoto na wajukuu wake si wamiliki wenza bado, ni warithi. Kijana anayemkatia mnunuzi kipande na kuandikiana karatasi mbele ya mzee wa kijiji anauza asichonacho, na kifungu cha 45 cha Sheria ya Mirathi kinamfanya mkosaji: faini ya hadi shilingi 10,000, au kifungo cha hadi mwaka 1, au vyote viwili. Fungueni mirathi kwanza, mpate hati ya usimamizi, yaani ruhusa ya mahakama ya kusimamia mali ya marehemu, kisha muiombe mahakama uthibitisho wa hati hiyo, ambao kwa kawaida huombwa miezi 6 ikishapita. Hakikisheni hati ya uthibitisho inataja fungu la kila mrithi kwa ukubwa. Neno “wagawane” pekee huzaa kesi nyingine.

Mkishakuwa wamiliki, njia rahisi kuliko zote ni mmoja kununua hisa ya mwenzake. Mwiteni mthamini aliyesajiliwa, si dalali, na mkubaliane mapema nani atamlipa. Tuseme ploti ya mjini ina thamani ya shilingi 8,000,000 na dada anauza robo yake kwa kaka. Bei ni 2,000,000. Ushuru wa stempu kwa ardhi ya mjini ni asilimia 4, yaani 80,000, na mnunuzi ndiye hulipa. Mashambani ni asilimia 2. Muuzaji naye anaweza kudaiwa kodi ya faida ya mtaji, yaani kodi ya faida inayopatikana kwa kuuza mali, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida. Ipo misamaha, kwa hiyo muulizeni mhasibu kabla ya kutia sahihi. Kumuuzia mtu wa nje kunahitaji idhini ya maandishi ya wenye hisa wengine, nao hawaruhusiwi kuinyima bila sababu ya maana. Katika umiliki wa pamoja huwezi kabisa kumhamishia mtu wa nje fungu lako. Ama muuze wote kwa sahihi zenu nyote, ama kwanza mjaze fomu ya kuvunja umiliki huo na msajiliwe kuwa wenye hisa sawa.

Kukata ardhi ndiko wengi hutamani, na ndiko hesabu huwapiga chenga. Chukueni ploti ya futi 100 kwa 100, ndugu wanne. Kila mmoja ameshajipimia kichwani futi 50 kwa 50, yaani futi za mraba 2,500. Lakini wawili wa nyuma watapitia wapi? Mkiweka njia ya futi 20 katikati kutoka mbele hadi nyuma, imekula futi za mraba 2,000. Kila mtu anabaki na futi 40 kwa 50, yaani 2,000. Tumeona makubaliano ya miaka yakivunjika siku ambayo mpima anachora mstari huo. Mwambieni achore rasimu kabla ya kupanda bikoni (alama ya mpaka) hata moja, na ionyeshe njia, kisima, na nyumba iliyosimama imeangukia upande wa nani.

Baada ya rasimu, kaunti hutoa kibali cha kugawa chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Ikiwa ni shamba la kilimo katika eneo linalodhibitiwa, mnahitaji pia idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi. Ombi hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu makubaliano yafanyike. Muda ukipita bila idhini, mkataba ni batili, ijapokuwa mahakama inaweza kuongeza muda. Urithi wenyewe hauhitaji idhini ya bodi, ila unapoifanya ardhi ikatwe kwa hati mbili au zaidi huihitaji. Ardhi ikiwa na mkopo, benki lazima ikubali. Ikiwa ndiyo makao ya ndoa, mwenzi lazima akubali hata kama jina lake halimo kwenye hati. Kisha mpima hujaza fomu ya mutesheni, yaani ya kuonyesha jinsi ardhi ilivyokatwa, ramani hurekebishwa, hati ya zamani hufungwa, na nambari mpya hutolewa.

Mwenye hisa mmoja akikataa, kifungu cha 94 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi kinamruhusu yeyote kati ya wengine kumuomba msajili aamuru mgawanyo. Msajili atawasikiliza wote, kisha ataangalia aina ya ardhi, ukubwa wa kila hisa, nani aligharimia maendeleo yapi, na kama kuna mwenzi au mtegemezi anayeishi hapo. Leteni risiti za ujenzi, za bomba na za ua. Fungu likiwa dogo kuliko kiwango kinachoruhusiwa, msajili anaweza kuliongeza kwenye la mwingine, na mwenye fungu hilo alipwe thamani yake.

Kuna ardhi isiyokatika, kwa mfano nyumba ya vyumba vya kupangisha juu ya ploti ndogo. Hapo, ikiwa mmoja anataka iuzwe na wengine wamekataa au hamkubaliani bei, mwenye hisa anaweza kuomba amri ya kuuza katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Thamani isipozidi shilingi milioni 20, kesi inaweza kusikizwa na hakimu mkuu mwenye mamlaka ya kesi za ardhi. Ambatisheni upekuzi wa hivi karibuni, ripoti ya mthamini, na barua zinazoonyesha mlijaribu kuelewana. Iombeni mahakama iseme wazi bei ya chini, nani atauza, mkopo na kodi za ardhi zitalipwa kwanza, na kwamba mwenye hisa anayetaka kununua apewe nafasi kabla ya mtu wa nje. Ombeni pia kwamba asiyetia sahihi fomu za uhamisho ndani ya muda uliowekwa, naibu msajili wa mahakama atie kwa niaba yake. Amri isiyo na kipengele hicho huwarudisha mahakamani kwa ombi jipya, na mnunuzi hawangoji.