“Uchungu” si “bitterness”: Kiingereza cha kuzungumzia watu na hisia zao

Mwezi wa sita Mbeya ina baridi ya kung'ata, na darasa langu la jioni hapa Mwanjelwa huanza kujaa saa kumi na mbili, watu wakitoka kazini na makoti yao mazito. Jioni moja kijana mmoja kutoka Mbozi aliwahi kabla ya wenzake, karatasi mkononi. Ilikuwa barua ya kuomba kazi kwenye mradi wa vijana, na alitaka niipitie kabla hajaituma. Sentensi ya tatu ilisomeka hivi: “I have bitterness with my country.”

Nilijua papo hapo alichokusudia. Ana uchungu na nchi yake. Kwa Kiswahili hiyo ni sifa kubwa. Tunamsemea hivyo mtu asiyeweza kukaa kimya akiona mali ya umma inapotea au watoto wanakaa chini darasani. Lakini Mwingereza akikutana na “bitterness” anamwona mtu mwenye kinyongo, aliyetendewa ubaya na hajasamehe. Kijana wa watu alikuwa anaomba kazi ya kuwatumikia wenzake, na barua yake inasema amekasirikiwa na nchi na yeye ameinunia. Tukaandika upya: “I care deeply about my country.” Akaisoma mara mbili, akauliza, “Sasa mwalimu, uchungu umekwenda wapi?”

Swali lake nimeishi nalo tangu siku hiyo, na ndilo lililonifanya niandike haya.

Nimefundisha Kiingereza cha watu wazima kwa miaka mingi, kwanza Iringa, sasa hapa Mbeya. Wanaokuja kwangu wamemaliza kidato cha nne. Nyakati za vitenzi wanazijua kiasi, bei na njia na hali ya hewa wanazungumza bila shida. Wanakwama pale mazungumzo yanapowageukia watu wenyewe: wanaishije, vijana wanataka nini, mtu anajisikiaje, mila inasemaje. Hapo mtu anakimbilia kamusi kutafuta pacha wa kila neno la Kiswahili. Maneno ya namna hii mara nyingi hayazaliwi mapacha.

Chukua uchungu huohuo. Mwarobaini ni mchungu, hapo “bitter” inakaa vizuri. Mama yuko leba ana uchungu, na Kiingereza kinasema “she is in labour”. Aliyefiwa ana uchungu, nacho kinasema “grief”. Mzazi ameona uchungu mwanawe alivyofukuzwa shule, nacho kinasema “it hurt her”. Halafu yuko mwenye uchungu na nchi, na hapo Kiingereza kinaacha kabisa habari ya ladha na maumivu na kuzungumzia kujali. Kwa hiyo ukitaka kulitafsiri, jiulize kwanza: huu ni uchungu wa nani, na umemfanya nini? Ukishajibu, neno la Kiingereza linakuja lenyewe.

“Mawazo” lina mtego wa aina hiyo. Dada mmoja anayefanya kazi saluni aliandika habari ya jirani yake mjane: “After the burial she had many ideas.” Msomaji wa Kiingereza angemwona mjane aliyejaa mipango ya biashara. Alichotaka kusema ni kwamba mama yule alikuwa na mawazo, yaani halali usingizi, hali chakula, anaangalia ukuta. “She had a lot on her mind” ingetosha, au “she was deeply worried”. Wazo moja ni “idea”, lakini ukisema mtu “ana mawazo” umeshatoka kwenye fikra, umeingia kwenye moyo.

Hapa nasimama kidogo kwa sababu jambo hili linanigusa. Siku hizi watu wanasema “depressed” kwa kila kitu, hata timu ikifungwa. Waingereza wenyewe wanafanya hivyo wakiongea kienyeji. Lakini kwa daktari neno hilo ni sonona, ugonjwa unaotibiwa. Mwanafunzi wangu akiwa na siku mbaya namwomba aseme “I feel low” au “I'm a bit down”. Mambo yakimwelemea kazini aseme “I'm under a lot of stress”. Huo ndio msongo. “Depressed” alitunze, ili siku akilihitaji kwa ajili yake au ya ndugu yake, anayesikiliza alichukue kwa uzito wake.

Sasa sikiliza jinsi sisi tunavyozisema hisia. Naona aibu, naona wivu, naona fahari. Nasikia baridi, nasikia njaa, nasikia uchungu. Hofu imeniingia, hasira zimenipanda, huzuni imenijaa, woga umenishika. Kwa Kiswahili hisia ni kama mgeni: inakuja, inaingia, inapanda, na baadaye inashuka au inaondoka, na wewe unabaki wewe. Kiingereza kinapenda kumgeuza mtu mwenyewe: “I am ashamed”, “I am jealous”, “I am proud”, “I am afraid”. Ndiyo maana wanafunzi wanaandika “I see shame” na “I hear cold”. Siwakaripii, kwa kuwa nasikia Kiswahili chao kizuri chini ya sentensi hiyo. Nawaambia tu kwamba kwa Kiingereza macho na masikio hayahusiki. Kitenzi ni “be” au “feel”.

Kuna kosa moja linalowasumbua karibu wote, nalo dawa yake iko ndani ya Kiswahili. Mtu anasema “I am boring” akitaka kusema amechoshwa na mkutano. Kumbe amejitangaza kuwa yeye ndiye anayewachosha wengine. Kanuni ya vitabuni, kwamba “-ing” ni hivi na “-ed” ni vile, haikai kichwani. Mimi nawarudisha nyumbani. Mkutano unachosha, mimi nimechoka. Habari inashangaza, mimi nimeshangaa. Mechi inasisimua, mimi nimesisimka. Matokeo yanakatisha tamaa, mimi nimekata tamaa. Upande ule wenye mnyambuliko wa kusababisha, wa kuchosha, kushangaza, kukatisha, ndio upande wa “-ing”: “boring”, “surprising”, “exciting”, “discouraging”. Upande wa aliyepatwa ndio wa “-ed”. Tangu nianze kufundisha hivi, watu wanajisahihisha wenyewe katikati ya sentensi.

Aibu nayo ina ngazi. Mtoto anayejificha nyuma ya kanga ya mama yake wageni wakija ana haya, naye ni “shy”. Aliyeteleza kwenye matope ya Kabwe mbele ya watu ameona aibu ndogo, ni “embarrassed”. Aliyeiba fedha za kikoba na sasa hawezi kuwatazama wenzake usoni ni “ashamed”. Akisomewa jina kwenye mkutano wa hadhara, hiyo ni fedheha, “humiliation”. Mara nyingine ni Kiingereza kinachopungukiwa: “proud” inabeba fahari na kiburi kwa pamoja. Mwanafunzi aliyeambiwa “I'm proud of you” na mfadhili wake aliwahi kuniuliza kama amesemwa vibaya. Hapana. Ikifuatwa na “of”, karibu kila mara ni fahari.

Na “pole” haina pacha kabisa. Ukimwambia Mwingereza aliyejikwaa “sorry”, atadhani unaomba radhi na atakujibu kwamba si kosa lako. Mwambie “Are you all right?”

Nije kwenye vijana, kwa kuwa ndilo neno linalotajwa kuliko yote kwenye usaili wa miradi. Wanafunzi wanapenda kujitambulisha: “I am a youth of 24 years.” Sarufi haina kosa, lakini Uingereza “a youth” ni neno la taarifa za polisi zaidi kuliko la mtu kujitambulisha, na wengi wanapolisikia wanawaza mvulana, mara nyingi mwenye vurugu. Dada wa miaka 24 akijiita hivyo anashangaza. “I am a young woman of 24”, au “I'm 24” tu, inatosha. “The youth” kwa maana ya vijana wote ni sawa katika hotuba na sera, ila ukiwa unaongea na watu sema “young people”. Kwa maana ya ujana wenyewe, “in my youth”, neno hilo linapendeza, lakini limezoeleka midomoni mwa wazee.

Na umri usiuchanganye. “Teenager” ni wa miaka 13 hadi 19, maana ndizo namba zenye “teen” mwishoni kwa Kiingereza. “Adolescent” ni neno la watu wa afya. Shirika la Afya Duniani huhesabu miaka 10 hadi 19. Umoja wa Mataifa ukisema “youth” katika takwimu zake unahesabu 15 hadi 24, lakini Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 inahesabu 15 hadi 35, sawa na Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka 2006. Kwa hiyo baba wa watoto watatu mwenye miaka 33 hapa kwetu ni kijana halali, na mgeni kutoka Ulaya hataelewa mpaka umweleze. Mweleze. Sentensi moja tu: “In Tanzania, youth policy covers people up to 35.”

Wanafunzi huniuliza pia “peer pressure” ni nini kwa Kiswahili, na vitabu vinajibu “shinikizo rika”. Ni sahihi, lakini mtaani tuna “kufuata mkumbo”, na hapo kila mtu anaona picha.

Kwenye “society”, yule kijana wa Mbozi alinifundisha mimi. Baba yake hupeleka kahawa “sosaiti”, yaani chama cha msingi cha ushirika, na yeye alikua akidhani neno hilo halina maana nyingine. Hakukosea: ile S ya mwisho katika AMCOS, jina la kifupi la vyama hivyo kwa Kiingereza, ndiyo “society”. Hiyo ni “society” ya kuhesabika, ina wanachama na daftari. Ile nyingine ni watu wote na taratibu zinazowaunganisha, hata wasiofahamiana, nayo kwa kawaida haitaki “the”: “Society expects girls to keep quiet.” Ukitaka kuielekeza, sema “our society”. Watu unaoweza kuwaonyesha kwa kidole, kama majirani wa Uyole au wakulima wa parachichi wa Rungwe, ni “community”. Kiswahili kinaweka yote hayo ndani ya jamii. Mwalimu Nyerere alipoueleza ujamaa kwa Kiingereza mwaka 1962, hakutosheka na “socialism” peke yake. Alisema pia “familyhood”, kwa sababu alitaka jamaa waonekane ndani yake.

“Culture” nalipenda kwa namna ya pekee, kwa sababu lina udongo. Limetoka kwenye neno la Kilatini la kulima, na bado unaliona katika “agriculture” na “horticulture” ambayo mabwana shamba wanaihubiri huku Nyanda za Juu Kusini. Utamaduni wetu umepitia njia nyingine: ni neno lenye asili ya Kiarabu, lenye undugu na madina, yaani mji. Wao wamelichukua shambani, sisi tumelipokea kutoka mjini. Unapozungumzia jambo moja dogo la utamaduni, kama kupiga magoti ukisalimia wakwe, sema “a custom”. Lililorithiwa kizazi kwa kizazi ni “a tradition”. La mtu mmoja ni “a habit”. Kunywa chai bila sukari si “culture” yako.

Kuna neno la Kinyakyusa ninalolipeleka darasani kila mwaka: ukwangala. Miaka ya 1930 Monica Wilson, mwanaanthropolojia wa Afrika Kusini, aliishi Rungwe pamoja na mumewe Godfrey, wakaandika kuhusu vijiji vya rika: wavulana wa miaka kumi hivi walijenga vibanda vyao pamoja, wakalala huko, wakaenda kula kwa mama zao kwa makundi. Watu walimwambia kwamba sababu ya kuishi hivyo ni ukwangala. Hakupata pacha wake. Akaeleza kwa maneno mawili mepesi, “good company”, kisha akaeleza zaidi.

Juma lililopita nilimpa zamu dada mmoja kutoka Tukuyu alieleze neno hilo kwa Kiingereza chake. Nilimwambia asifungue kamusi. Alinyamaza muda mrefu, wenzake wakimsubiri, mvuke wa chai ukipanda kwenye vikombe. Kisha akasema: “You are with people of your age. You are eating, you are talking. It is late and it is cold, but you don't want to go home.”

Yule kijana wa Mbozi alikuwa amekaa nyuma. Akaiandika.