Pozisheni sokoni siyo kujitangaza

Jana jioni barazani hapa Ngamiani, Tanga, kijana mmoja katoka semina anatueleza kwamba kampuni fulani ya vencha kapitali "ina pozisheni nzuri sokoni" kwa sababu ina ofisi kali na mabango kila kona. Hiyo mara ya nne naisikia mwezi huu, nimeshindwa kunyamaza.

Kwa kifupi, vencha kapitali ni mtaji hatarishi: watu wanachangisha hela za mifuko ya pensheni, vyuo na matajiri halafu wananunua hisa kwenye kampuni changa, hawakopeshi, ikifa imekufa nazo. Na pozisheni sokoni ni pale ulipowekwa kwenye kichwa cha mtu anayechagua kati yako na wenzako. Basi.

Ulipowekwa, jamani, na anayekuweka ni yeye. Neno limetoka kwenye Kilatini, ponere, yaani kuweka, na Jack Trout, mtu wa matangazo, alipolileta kwenye mambo ya biashara kule Marekani mwaka 1969 alikuwa anazungumzia kichwa cha mteja.

Ila sisi wa pwani Kilatini cha nini, neno mtaji si tunalo kwenye bao? Pale pale barazani wazee wawili walikuwa wanacheza, mmoja shimo limejaa kete mpaka zinataka kumwagika, lakini kila akihesabu, kete ya mwisho haiangukii penye kete huku ng'ambo mwenzake naye anazo, kwa hiyo hana mtaji, yaani nafasi ya kula, anatakasa tu, anazungusha kete bila kula. Mwenzake kete tatu, ya mwisho imetua panapotakiwa, kala. Kwa hiyo hata kwenye bao mtaji hauji kwa wingi wa kete, unakuja kwa zilivyokaa.

Sasa kwenye vencha kapitali kampuni chache sana ndizo zinazorudisha karibu faida yote, kwa hiyo kazi ni kupata mlango wa kuingia kwenye hizo chache. Mtafiti mmoja, David Hsu, alichapisha utafiti mwaka 2004 akaonyesha kwamba ofa za wawekezaji wenye jina zilikuwa na uwezekano wa kukubaliwa mara 3 zaidi, na hisa wanazipata kwa bei ya chini kwa asilimia 10 mpaka 14. Yaani mwanzilishi wa kampuni changa anakubali bei ndogo ili awe na fulani! Hapo ndipo kampuni ya vencha kapitali inapokua, maana faida ikionekana wenye hela wanarudi na mfuko unaofuata, yaani hela wanazochangisha tena, unakuwa mkubwa, na ada ya uendeshaji, ambayo kwa kawaida ni kama asilimia 2 ya mfuko kwa mwaka, inapanda nao. Kampuni ya vencha kapitali ya Marekani, Andreessen Horowitz, walianza 2009 wakawakuta wenzao kina Sequoia wapo tangu 1972, wakaajiri watu wa kuwasaidia waanzilishi kutafuta wafanyakazi na wateja, wakajulikana kwa hilo, hiyo ndiyo pozisheni. Na ukubwa wenyewe unaweza kukuhamisha kwenye pozisheni yako, uliyejulikana kwa kutoa hela ndogo za mwanzo ukipata mfuko mkubwa hundi ndogo hazikufai tena, na wale wanaoanza wanakwenda kwa mwingine.

Kwa hiyo mdogo wangu wa jana, kabla hujasema wana pozisheni nzuri, muulize mwanzilishi mwenye ofa tatu mezani atampigia nani simu kwanza na kwa sababu gani. Yale mabango yaite matangazo tu, inatosha.