Mlimani haikujengwa ili kuwaficha wanafunzi

Nimeisikia tena, safari hii mbele ya ukumbi uliojaa watu: "Nyerere aliwapeleka wanafunzi kule Mlimani ili wasimsumbue Ikulu." Msemaji aliitamka kama jambo lisilohitaji ushahidi, na watu wengi wakatikisa vichwa kukubali. Kazi yangu ni mipango miji, na ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hiyo Mlimani yenyewe, nimeishughulikia kuliko ardhi nyingine yoyote. Kauli hii nimeikuta vijiweni, magazetini, na kwa wahadhiri ambao madirisha ya ofisi zao yanatazama Ubungo. Nimechoka kuijibu kwa sentensi mbili mlangoni, kwa hiyo leo naijibu kwa urefu wake.

Tuanze na tarehe. Chuo kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita kabla ya Uhuru, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha Sheria, na wanafunzi wasiozidi 14. Walisomea wapi? Ndani ya jengo la TANU, chama kilichopigania Uhuru, Mtaa wa Lumumba, pale Mnazi Mmoja. Ikulu wakati huo alikaa Gavana Turnbull, na Nyerere alikuwa Waziri Mkuu. Kama kulikuwa na hofu ya wanafunzi, nani angewaanzishia masomo ndani ya nyumba ya chama, kwenye mpaka wa Kariakoo na katikati ya mji, mahali ambapo mkutano wa hadhara ulikuwa unaitishwa kwa kipaza sauti kimoja? Miongoni mwa hao wa kwanza alikuwepo Julie Manning, mwanamke pekee darasani, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Sheria.

Sheria ilitangulia kwa sababu Makerere ilikuwa tayari na udaktari na Nairobi ilikuwa na uhandisi. Vyuo hivyo vitatu vikaunganishwa mwaka 1963 kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na Mkenya au Mganda aliyetaka digrii ya sheria alishuka Dar es Salaam. Sheria ina faida nyingine ambayo sisi wa majengo tunaiona haraka: inafundishika kwenye nyumba ya kuazima. Unahitaji meza, viti, na vitabu. Sayansi haifundishiki hivyo. Siku walipotaka maabara, maktaba ya kweli na mabweni, Lumumba haikutosha tena. Waliohamia Mlimani mwaka 1964, na sherehe ya ufunguzi ikafanyika Agosti mwaka huo, walikuta majengo yaliyokwisha kupimwa, kuchorwa na kujengwa. Zege la mlima mzima halimwagwi kwa wiki tatu. Uamuzi wa mahali ulifanyika mapema zaidi, wakati wanafunzi wenyewe walikuwa wachache kiasi cha kuenea kwenye basi moja dogo.

Ugomvi wa kwanza mkubwa ulikuja Oktoba 1966, miaka miwili baada ya kuhamia. Hapa ndipo hadithi inapogeuzwa kichwa chini: watu wanachukua tukio la 1966 na kulifanya sababu ya ujenzi wa 1964. Wanafunzi wapatao 400, wengi wao wa Mlimani, waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambalo wasomi walitakiwa kulitumikia, hasa kukatwa sehemu kubwa ya mishahara yao ya kipindi hicho. Walivaa majoho ya chuo. Mmoja alibeba bango lililosema kwamba heri ukoloni. Na wakafika wapi? Wakafika Ikulu, wakasimama mbele ya Nyerere mwenyewe. Kilomita 13 za kutoka mlimani hadi baharini hazikuwazuia. Nyerere aliwajibu kwa hasira, akawafukuza karibu wote, na papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Miezi mitatu na siku chache baadaye likatoka Azimio la Arusha, tamko la siasa ya Ujamaa. Sidai kwamba maandamano yalizaa Azimio, ila anayesoma Azimio bila kukumbuka hasira ile anasoma nusu ya habari.

Machi 1978 wanafunzi walishuka tena kutoka Mlimani kuelekea mjini, wakipinga marupurupu ya mawaziri na wabunge. Mamia wakafukuzwa. Kama mlima ulikuwa ukuta, ulikuwa ukuta mbovu kuliko wote.

Basi kwa nini pale? Jibu halina siri. Mwaka 1945 tume ya Waingereza iliyoongozwa na Asquith ilitoa ripoti kuhusu elimu ya juu katika makoloni, nayo ilisisitiza kwamba vyuo hivyo viwe vya kulala: mwanafunzi aishi, ale, asome na abishane ndani ya eneo moja. Ukishasema kila mwanafunzi alale chuoni, umeshaamua ukubwa wa ardhi, na ukishaamua ukubwa wa ardhi, katikati ya mji umeshatoka. Ndivyo ilivyokuwa Ibadan, Nigeria. Ndivyo ilivyokuwa Legon, nje ya Accra, nayo juu ya kilima. Makerere ilikuwa kilimani tangu 1922. Dar es Salaam ilifuata mkondo huohuo: eneo la Observation Hill, ndiyo Mlimani ya leo, lilikuwa na nafasi kubwa, na ardhi ya chuo pale inazidi ekari 1,600. Jaribu kuzitafuta ekari hizo Upanga.

Halafu kuna upepo, ambao wanahistoria wanaupita kwa sababu hauandikwi kwenye kumbukumbu za vikao. Simama kwenye korido ya mojawapo ya majengo ya miaka ya sitini, saa nane mchana mwezi wa Februari. Korido iko wazi upande mmoja. Juu ya dirisha kuna ubao wa zege uliotokeza kuzuia jua, na ukutani kuna matundu yaliyopangwa ili hewa ipite hata mlango ukifungwa. Jengo linapumua bila feni. Ukishuka mita chache tu kuelekea Ubungo, joto linakupokea. Wachoraji wa majengo yale walijua wanachofanya, na inaniuma nikiona matundu hayo yamezibwa kwa plaiwudi ili kufunga kiyoyozi. Ukumbi wa Nkrumah, wenye paa la zege lililopinda, ambao wengi waliufahamu kupitia noti ya shilingi 500 kabla hawajawahi kufika chuoni, ni mtoto wa fikra hizohizo.

Sasa nifike mahali ambapo mimi mwenyewe nasita, kwa sababu upande wa pili una hoja ambayo vitabu vya maadhimisho haviigusi. Kuwatenga wanafunzi na mji hakukuwa lengo la Nyerere, lakini kulikuwa ndani ya wazo lenyewe la chuo cha kulala. Waingereza waliamini kwamba msomi huzalishwa akiwa mbali na ndugu zake, mbali na soko na ngoma za mtaani. Nyerere alirithi majengo yenye wazo hilo, kisha akatumia miaka mingi kuwakumbusha wasomi kwamba wamesomeshwa na jasho la wakulima. Alikuwa anapambana na ramani aliyoikuta.

Na chuo cha kulala kinampa mwenye mamlaka silaha ambayo umbali haumpi. Anayelala chuoni hufukuzwa kwa siku moja: chumba kinafungwa, mgahawa unafungwa, anabaki na begi. Mwaka 1971 Symonds Akivaga, Mkenya aliyekuwa kiongozi wa wanafunzi, alikamatwa palepale chuoni na kurudishwa kwao. Hakuhitaji kutafutwa mitaa kumi. Kwa hiyo kama mtu ataniambia kwamba Mlimani iliwarahisishia watawala kazi, nitakaa chini tuzungumze. Akiniambia ilijengwa kwa ajili hiyo, mazungumzo yameisha.

Silaha hiyo ilikata pande mbili, na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote katika historia ya mahali hapa. Kwa sababu kila mtu alilala mlimani, mjadala haukuwa na saa ya mwisho. Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana, alifundisha hapa kuanzia 1966, akaondoka kidogo, akarudi 1969 hadi 1974. Mwaka 1967 wanafunzi waliunda USARF, umoja wa kimapinduzi uliowakusanya vijana kutoka nchi nyingi za Afrika, Yoweri Museveni, aliyekuja kuwa Rais wa Uganda, akiwa mwenyekiti. Walikuwa na madarasa yao ya itikadi siku za Jumapili. Walikuwa na jarida lao, Cheche, ambalo lilipigwa marufuku mwaka 1970 pamoja na umoja wenyewe. John Garang, aliyekuja kuongoza vita vya ukombozi vya Sudan Kusini, alipita humohumo. Ni vigumu kupata mambo kama hayo kwenye chuo ambacho saa kumi na mbili jioni kila mtu anakimbilia daladala.

Na hapo ndipo tulipo leo. Mwaka 1970, tarehe 1 Julai, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilisimama chenyewe. Kikazaa vingine: Sokoine cha kilimo mwaka 1984, vyuo vishiriki vya elimu vya DUCE (Dar es Salaam) na MUCE (Mkwawa, Iringa) mwaka 2005, Muhimbili na Ardhi kuwa vyuo vikuu kamili mwaka 2007. Hayo yanajulikana. Lisilosemwa sana ni kwamba vitanda havikukua kwa mwendo wa madarasa. Mji nao ulipanda mlima kutufuata: sensa ya 1967 ilihesabu watu 272,821 Dar es Salaam, ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Sehemu iliyoitwa nje ya mji sasa iko ndani yake, imezungukwa na Msewe, Changanyikeni, Makongo, Sinza na Savei, na tangu 2006 maduka ya Mlimani City yako juu ya ardhi ya chuo chenyewe.

Wanafunzi waliziba pengo la vitanda kwa kubebana. Mwenye chumba humbeba rafiki asiye na chumba: usiku godoro linatandikwa sakafuni kati ya vitanda viwili, alfajiri linakunjwa na kusukumwa uvunguni kabla mtu hajapita kukagua. Begi la anayebebwa linakaa juu ya kabati, nguo zake zinaning'inia kwa mwenzake, jina lake haliko mlangoni. Anasomea nje, kwenye vimbweta, zile meza za zege chini ya miti, na mvua ikinyesha anatafuta boksi la kukalia. Ukitaka kujua bajeti ya malazi imekaaje, usianze na ripoti. Pita kwenye vimbweta saa sita usiku wiki ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula, uwaulize waliopo wanalala wapi.

Hosteli ya Mabibo ilisaidia, ingawa ndiyo iliyozoesha watu wazo kwamba mwanafunzi wa Mlimani anaweza kulala mbali na Mlimani. Hosteli za Magufuli, zilizofunguliwa Aprili 2017 kwa ajili ya wanafunzi 3,840, zilisaidia zaidi kwa sababu ziko chuoni. Hata hivyo wengi wanapanga mitaani, na hapo wanakutana na jambo ambalo hakuna mchoraji wa 1962 aliyeliwaza: mwenye nyumba wa Changanyikeni anataka kodi ya miezi sita mkononi, na bumu, fedha ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo, linakuja kwa awamu. Binti wa mwaka wa kwanza anayefika Oktoba na fedha ya awamu moja hana cha kumwambia mwenye nyumba huyo. Anarudi kubebwa, au anapanga mbali kuliko anavyomudu nauli, na kipindi cha saa moja asubuhi anakifikia kikiwa nusu.

Kwa hiyo kila ninapoona mpango mpya wa kukodisha kipande cha ardhi ya chuo kwa biashara, huwa nataka kwanza kujua kama mteremko huo ungebeba hosteli. Nyingi kati ya sehemu zilizobaki zingebeba.