Kiwanja Kuwa na Hati Hakukizuii Kufurika

Kuna sentensi ambayo nimeisikia kwa wateja mara nyingi mno, kiasi kwamba siku hizi naitambua kabla haijaisha: "Hiki hakina shida, kina hati." Anayeisema huwa ameshalipa malipo ya awali, na ananiita mimi mpima ardhi nije kumwonyesha mipaka tu. Nikimwuliza maji ya mvua yanapita upande gani, hunitazama kana kwamba nimeingilia kazi ya fundi mwingine.

Hati humtaja mmiliki, matumizi yaliyoruhusiwa, muda wa umiliki na mipaka ya kiwanja. Ramani iliyoambatishwa nayo ina namba za bikoni (vigingi vya zege vinavyoonyesha pembe za kiwanja), urefu wa kila upande na ukubwa wa eneo, lakini haina mwinuko hata mmoja. Upekuzi kwa Msajili wa Hati nao utakwambia kama kiwanja kimewekwa rehani au kina zuio, jambo ambalo ni la lazima kulijua, ila hauna safu ya mafuriko. Mtu anayerudi na majibu safi ya upekuzi na kuhitimisha kwamba nyumba haitaingia maji amepata jibu sahihi la swali jingine kabisa.

Linaloniudhi zaidi ni kusahau kwamba bikoni hazihami ilhali mto unahama. Mito midogo ya Dar es Salaam, kama Mto Mbezi na Mto Tegeta, hupungua sana wakati wa kiangazi. Wachimba mchanga huingia na malori, kingo hubaki wima bila mizizi ya kuzishikilia, na mvua kubwa inayofuata huzimega. Huku juu nako, palipokuwa na mihogo na mikorosho pameezekwa mabati na kusakafiwa, kwa hiyo maji ambayo zamani yalinyonywa na udongo sasa huteremka yote kwa pamoja.

Mteja mmoja alinipeleka kwenye kiwanja kando ya mto upande wa Tegeta, chenye hati iliyotolewa zaidi ya miaka 20 iliyopita. Bikoni mbili za mbele nilizipata kwenye majani, zikiwa salama kabisa. Nilipozitafuta za nyuma, kifaa changu cha kupimia kilinipeleka hadi ukingoni kisha kikanitaka nisogee mita tatu na nusu zaidi, na mbele yangu hapakuwa na kitu ila hewa. Moja niliiona huko chini, kipande cha zege kimelala mchangani na nondo yake. Muuzaji alishikilia kwamba hati inasema mita za mraba 800, na kwa hilo hakusema uongo. Tatizo ni kwamba sehemu ya mita hizo ilikuwa imeshakwenda baharini.

Athari yake kisheria si ndogo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ufukwe wa bahari au ziwa, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaiweka ardhi ya namna hiyo katika kundi la ardhi hatarishi. Ukingo unaposogea, mita hizo 60 husogea nao, na kiwanja kilichopimwa kihalali kikiwa mbali na mto chaweza kujikuta ndani yake bila mtu yeyote kughushi karatasi. Mnunuzi makini huenda idara ya mipango miji ya halmashauri akaomba kuuona mchoro wa eneo lote, ambao kwa kawaida huwa na mistari ya mwinuko, kisha huuliza ofisi ya bonde la maji (kwa Dar es Salaam ni Wami/Ruvu) kuhusu mkondo unaopita karibu. Baada ya hapo hupima mwenyewe umbali kutoka ukingo ulipo leo, kwa futi kamba.

Naambiwa pia kwamba mafuriko ni ya waliojenga kiholela. Ni kweli kwamba Desemba 2011, siku chache baada ya nchi kuadhimisha miaka 50 ya Uhuru, mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 40 jijini yaliwakumba vibaya wakazi wa Bonde la Msimbazi, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Lakini karakana ya mabasi yaendayo haraka pale Jangwani haikujengwa kiholela. Ilichorwa na wataalamu na kujengwa chini ya mradi mkubwa wa serikali, na bado maji yameingia humo si mara moja wala mbili.

Wengine hujitetea: "Nilikwenda kukiona, kilikuwa kikavu." Agosti kila kiwanja ni kikavu, na dalali analijua hilo kuliko wewe. Nenda mwezi Aprili, asubuhi baada ya mvua ya usiku, uvae mabuti.

Kuhusu majirani wanaoapa kwamba maji hayajawahi kufika, waulize kwanza wameishi hapo tangu lini, kwa maana wengi ni wapangaji wa miaka miwili. Mimi huziamini kuta zaidi. Mstari wa tope hufichwa kwa rangi mpya upande wa barabarani, lakini ni nadra mtu kukumbuka kupaka rangi nyuma ya choo. Ukikuta mlango una kizingiti cha tofali mbili ambacho watoto wanakiruka, jua kwamba hakikujengwa kwa urembo. Teremka pia hadi kwenye kalvati la karibu, utazame limezibwa na nini. Kalvati lililojaa mifuko na magodoro litayarudisha maji kwako hata kama mto uko mbali.

Kifusi nacho hakiponyi bonde. Kikimwagwa bila kushindiliwa kwa tabaka hutitia, jamvi (sakafu ya zege ya nyumba) likapasuka, na maji uliyoyafukuza huenda kwa jirani, ambaye naye ataleta kifusi chake mwaka ujao.

Waliokimbilia mlimani nao wasijisifu mapema. Tarehe 3 Desemba 2023, mji mdogo wa Katesh, mkoani Manyara, ulifukiwa na tope lililoporomoka kutoka Mlima Hanang, na zaidi ya watu 80 wakafariki. Hapa Dar es Salaam, katika miteremko ya Goba na Kimara, korongo linaloanza kwa upana wa jembe huweza kufika kwenye msingi wa nyumba ndani ya misimu michache.

Mwisho ni mpangaji, anayeniambia kwamba hayo ni mambo ya wanunuzi. Yeye ndiye anayelipa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na mwenye nyumba harudishi fedha kwa sababu ya masika. Hata anayepanga ghorofani, gari lake, mita yake ya LUKU na shimo la maji taka viko chini. Kabla ya kulipa, nunua mpira mwangavu wa mita 20 katika duka lolote la vifaa vya ujenzi, ule ambao mafundi hulinganishia kuta, uujaze maji na kuhakikisha hauna mapovu ya hewa. Shika ncha moja maji yake yawe usawa wa ukingo wa mtaro wa barabarani, mwenzako aishike nyingine mlangoni. Maji ya upande wake yakisimama juu ya kizingiti, tafuta nyumba nyingine.