Serotonini Hailiwi: Ubongo wa Mtoto Aliye Tumboni Unaipata Wapi?

Ni kweli ndizi ina serotonini, kemikali ambayo seli za neva hutumia kupashana ujumbe. Si kweli kwamba mjamzito akila bogoya mbili, serotonini hiyo inakwenda kujenga ubongo wa mwanawe. Nyingi huvunjwavunjwa utumboni na kwenye ini. Mama anachopaswa kula ni malighafi yake, yaani triptofani, asidi amino ambayo mwili hauwezi kujitengenezea.

Tumezoea kuisikia serotonini ikitajwa kwenye mambo ya usingizi na huzuni, lakini kwa mtoto aliye tumboni kazi yake ya kwanza ni ujenzi. Seli za neva zinazoitengeneza hujitokeza kwenye shina la ubongo mapema, karibu wiki ya 5 ya mimba, kisha hurefusha nyuzi zake kuelekea ubongo wa mbele. Kabla nyuzi hizo hazijafika, kondo la nyuma husaidia: utafiti wa panya uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kondo likigeuza triptofani ya mama kuwa serotonini na kumpelekea mtoto. Seli changa huitegemea kujua lini zigawanyike, zihamie wapi na ziungane na nani.

Wala wingi si ubora. Mwaka 1995 watafiti walieleza panya waliokosa kimeng'enya cha kuvunja serotonini. Ilipozidi, sehemu ya ubongo inayopokea hisia za ndevu zao, kila udevu mahali pake, haikujipanga. Ilipopunguzwa siku za mwanzo za maisha, mpangilio ulirudi.

Kuigeuza triptofani kuwa serotonini kunahitaji hatua mbili: ya kwanza hutumia madini ya chuma, ya pili vitamini B6. Hapo ndipo sahani inapohusika. Gramu 100 za unga wa kawaida wa mahindi zina takriban miligramu 60 tu za triptofani. Maharagwe makavu ya uzito huohuo yana kama 250. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji karibu miligramu 240 kwa siku, na mjamzito zaidi. Kwa hiyo posho (ugali) na mchuzi mtupu haitoshi. Weka maharagwe, mukene (dagaa), yai au njugu za kusaga. Anayelima anaweza kupanda Longe 5, aina ya mahindi iitwayo pia Nalongo, ambayo triptofani yake ni kama maradufu ya mahindi ya kawaida. Chai inywe saa moja au mbili baada ya chakula, maana huzuia chuma kufyonzwa.

Malaria nayo huharibu hesabu. Kinga ya mwili ikiamka, triptofani nyingi huelekezwa kwenye njia nyingine ya kemikali, huku wadudu wakijificha kwenye kondo. Lala ndani ya neti. Dozi ya SP, dawa ya kukinga malaria kwa wajawazito, vidonge vitatu kwa mkupuo, huanza wiki ya 13 na kurudiwa kila baada ya angalau mwezi mmoja, mara tatu au zaidi. Usichanganye na foliki asidi ya miligramu 5, kwani hudhoofisha SP. Ya miligramu 0.4 haina shida. Anayetumia Septrin, dawa ya kukinga maambukizi, kwa sababu ya VVU hapewi SP.

Dawa za sonona kama fluoksetini hugusa serotonini moja kwa moja na huvuka kondo. Hata hivyo, mama asiziache ghafla kwa hofu: sonona isiyotibiwa nayo humdhuru yeye na mtoto. Aende kituo cha afya akiwa na pakiti ya dawa mkononi, daktari apime dozi.