Walatino hawajahamia Republican, na Republican hawakuhitaji wahame

Jamani, uchaguzi wa 2024 wa Marekani ukitajwa tu lazima atokee mtu aseme Walatino (Wamarekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini) wamehamia kwa Trump wa Republican, weusi wamebaki Democrat, Waarabu wa Michigan wamemnyoosha Kamala Harris wa Democrat, basi hesabu imeisha. Utadhani kila jamii ina kigogo wake mmoja, kapewa bahasha usiku, asubuhi kawabeba watu wake wote. Mi kazi yangu ni kuchambua daftari za wapiga kura huku Marekani na kila nikisoma hiyo kitu presha inapanda.

Mambo ya msingi nayapitia mbio. Rais anachaguliwa na wajumbe 538 wa majimbo, ukifika 270 umeshinda, na karibu kila jimbo aliyeongoza anachukua wajumbe wote (Maine na Nebraska wana utaratibu wao, tuwaache). Kwa mfumo huo chama cha tatu hakiishi, ndo maana muungano unafungwa ndani ya chama chenyewe, siyo vinara kusaini mkataba hotelini kama tulivyozoea Kenya. Tena hakuna anayesaini chochote, mgombea kwa kawaida anatoka kwenye kura za mchujo ambazo mwenyekiti wa chama hana ubavu wa kuzizuia. Muungano wa Rais Roosevelt wa Democrat miaka ya 1930 uliweka chama kimoja wazungu wa Kusini waliokuwa wanatetea ubaguzi na weusi wa mijini Kaskazini. Waliishi hivyo hivyo miaka, mpaka sheria ya haki za kiraia ya 1964 ilipokuja kuupasua ule muungano.

Sasa tuje kwenye pengo la kura kati ya wagombea, hapa ndo nataka mnisikilize. Kwa hesabu ya Pew, taasisi ya utafiti, 2020 Biden wa Democrat alipata kama asilimia 61 ya kura za Walatino na Trump 36. 2024 Harris 51, Trump 48. Umeona nani kaongoza? Harris! Walatino wengi walimpigia Democrat, full stop, lakini chukua wapiga kura 100, mwanzo Trump alikuwa anaachwa kwa kura 25, sasa anaachwa kwa 3, ina maana kila Walatino 100 wamempa nafuu ya kura 22 na bado kashindwa kwao. Zijumlishe hizo na wazungu wasio na digrii ambao tayari anawaongoza kwa mbali na jimbo kalichukua. Chama hakihitaji kushinda kila kundi, kinahitaji kupigwa kidogo pale kilipozoea kupigwa sana, na mtu akiniambia "wameshinda Walatino" namwambia rudi ukahesabu.

Halafu niwe mkweli, hizo namba zenyewe ni makadirio. Utafiti mkubwa wa shirika la habari la AP wa uchaguzi huo huo unampa Harris uongozi wa zaidi ya pointi 10 kwa Walatino, Pew inampa 3. Kura ni siri, daftari linaniambia ulipiga au hukupiga, halisemi ulimpigia nani. Tunaopiga domo kwenye TV tunajua hilo na tunanyamaza.

Kwa hiyo mi napenda matokeo ya kaunti, kura zimehesabiwa, siyo mtu kaulizwa kwa simu. Starr County, Texas, pale mpakani Rio Grande, karibu watu wote ni Walatino. 2016 Hillary Clinton wa Democrat alipata kura kama 9,300, Trump kama 2,200. 2020 Biden 9,100, Trump 8,200. Simama hapo hapo kwanza. Kura za Democrat karibu hazikupungua! Za Trump ziliongezeka kama 6,000. Sasa nani "kahama"? Inavyoonekana waliingia watu ambao 2016 hawakupiga kabisa. 2024 ndo Harris anashuka chini ya 7,000 na Trump anafika kama 9,500, Republican wa kwanza kuchukua hiyo kaunti kwenye urais tangu 1892. Watu wanaiita hadithi moja, mi naona mbili, wapya kuingia kwanza, halafu Democrat kubaki nyumbani au kugeuka.

Au nimekosea, maana inawezekana vilevile 2020 maelfu waligeuka kwenda kwa Trump na maelfu wengine wapya wakaziba nafasi yao kwa Biden, jumla ikatoka ile ile. Jumla ya kaunti haiwezi kulikanusha hilo. Naona haielekei, ila kukuapia siwezi.

Na ya Dearborn, mji wa Michigan wenye Waarabu wengi, tuimalize. Ni kweli Trump aliongoza pale mjini kwa kama asilimia 42, Harris 36, Jill Stein wa chama kidogo cha Green akabeba 18. Ila Michigan nzima Trump aliongoza kwa kura kama 80,000, na Dearborn ina watu kama 110,000 ukihesabu na watoto wa chekechea. Peke yao hawakumwangusha mtu.

Kwanini nakazania nani kageuka na nani kaingia? Kwa sababu hela za kampeni zinagawanywa hapo. Ukimgeuza mtu wa mpinzani pengo linasogea kura mbili, ukimtoa wa kwako nyumbani linasogea moja, lakini wa kwako ni rahisi kumpata, kwa hiyo kampeni nyingi zinatuma vijana nyumba kwa nyumba kuwakumbusha "watu wetu". Sasa utamjuaje wa kwako? Texas hujiandikishi na chama, tunaangalia tu ulipiga mchujo wa chama gani, na kaunti kama Starr sherifu na jaji walikuwa wanapatikana kwenye mchujo wa Democrat, kwa hiyo kila mtu alikuwa anapiga huko, hata anayempenda Trump. Kwenye daftari anasoma Democrat safi. Kijana anagonga mlango wake, anamkumbusha tarehe, anamwelekeza kituo, mama anashukuru vizuri kabisa, anaenda kumpigia Trump.