Mashine haijasema dhahabu

"Fundi, mashine imesema dhahabu." Wiki iliyopita nimeisikia kauli hiyo mara tatu dukani kwangu, karibu na Makoroboi hapa Mwanza, na ya tatu imeniuma. Kijana alikuwa ameokota bangili mbili ufukweni, upande wa Kayenze. Moja alikuwa ameshaikata kwa msumeno na kuichoma kwenye mkaa, "dhahabu ijitenge na uchafu." Akanipa donge jeusi lenye nyufa na kunisimulia kuwa lilitoa moshi mweupe mwingi. Moshi ule ulikuwa wa zinki. Alikuwa ameunguza shaba ya njano, ambayo ni shaba iliyochanganywa na zinki, na kuvuta hewa yake.

Basi tuanze na hiyo mashine, maana ndiyo inayoleta balaa lote.

Ditekta, yaani kifaa cha kutafutia metali ardhini, haijui dhahabu. Inarusha mawimbi ardhini, inasikiliza jinsi kitu kinavyoyajibu, kisha inakupa namba. Namba hiyo inategemea ukubwa wa kitu, umbo lake, kina kilipolala na jinsi kinavyopitisha umeme. Pete nyembamba ya dhahabu, kishikizo cha kufungulia kopo la soda na karatasi ya metali inayong'aa ya pakiti ya sigara vinaweza kutoa namba zinazokaribiana. Yale maneno "dhahabu" kwenye kioo yameandikwa na mtengenezaji kwa kukisia. Udongo wenye chuma nao unaivuruga, na wachimbaji wa Geita wanalijua hilo kuliko mimi. Tena pete haiwezi kusikika mita mbili chini. Kwa ditekta nyingi za mkononi, kitu kidogo hivyo kikizidi sentimita 30 hivi ni kazi ngumu. Anayekuuzia kifaa cha "kunusa" dhahabu kutoka mita mia anakuibia mchana kweupe.

Njia ya kujua ni maji na mizani. Bangili ya pili ya yule kijana ilikuwa na gramu 60. Nikaitundika kwa uzi, nikaizamisha bila kugusa chombo, mizani ikasoma 53. Imepungua 7. Gawanya 60 kwa 7, unapata 8.6 hivi, yaani uzito wake ni mara 8.6 ya maji ya ujazo uleule, na hapo ndipo ilipo shaba ya njano. Dhahabu safi ni 19.3. Bangili ya karati 22 yenye uzito huohuo ingepungua gramu 3 na nusu tu. Kipimo hiki hakifai kitu chenye uwazi ndani au chenye mawe, lakini kwa bangili nzima hakihitaji tindikali, msumeno wala moto.

Na sasa linaloniumiza zaidi. Karne ya 19 misafara kutoka pwani ilileta bara nyaya za shaba, nyekundu na ya njano, pamoja na shanga na nguo za merikani. Mafundi wa huku wakazisokota bangili. Vito vya kale vya kanda hii vinavyojulikana vingi ni vya chuma, shaba, shanga na simbi. Kwa hiyo bangili ile huenda ilikuwa kitu cha kale kweli, mkono wa bibi wa mtu, na imegeuzwa donge kwa sababu haikuwa dhahabu. Nikamwambia, "Mwanangu, hii iliyobaki usiiguse hata kwa brashi."

Sumaku kutoshika? Shaba, risasi na alumini pia hazishikwi.

Kuitumbukiza kwenye zebaki uone kama inageuka nyeupe? Shaba nayo inageuka. Umeharibu kitu na umejipaka sumu mikononi.

"Dhahabu ya Mjerumani" naletewa karibu kila mwezi. Sarafu ya dhahabu ya Mjerumani ipo: ya rupia 15, iliyopigwa Tabora mwaka 1916 kwa dhahabu ya Sekenke, ina tembo, na zilitoka kama elfu 16 tu. Ninazoletewa mimi ni sarafu ndogo za heller 20 za Tabora za mwaka uleule, na baadhi yake zilipigwa kwa shaba ya njano. Zisugue hadi zing'ae, zitabaki shaba, na mkusanyaji wa sarafu atakulipa pungufu kwa sababu umezisugua.

"Nilichookota ni changu." Sivyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya 1863, kuchimba kwa ajili ya kuvitafuta kunahitaji leseni, na aliyekuta anapaswa kutoa taarifa. Kaburi usiliguse kabisa.

Ukiokota kitu, acha kuchimba, piga picha ya mahali kilipolala, kifunge kwenye karatasi na udongo wake, kisha toa taarifa kwa watu wa Mambo ya Kale. Kama unataka tu kujua ni madini gani, kilete kilivyo. Mizani na bakuli la maji vipo mezani, na kupima simtozi mtu.